Kurudi Uwanjani Baada ya Goti Kupasuliwa

Katika viungo vyote vya mchezaji, ni vichache vinavyotumikishwa kama goti. Akikimbia, akiruka, akigeuka ghafula ili ampite mwenziwe, goti ndilo libebalo uzito wa mwili. Juu yake pana mfupa wa paja, chini pana muundi, na mbele pana kifupa cha mviringo kiitwacho pia ya goti. Mifupa hii imeshikwa pamoja kwa kano, yaani nyuzi ngumu zenye nguvu kama kamba. Ndani kabisa ya goti ziko kano mbili zilizopishana. Ule wa mbele una kazi kubwa: huzuia muundi usiteleze kwenda mbele, na goti lisizunguke kupita kiasi.

Ukano huo ukikatika, goti halina imara. Tena ajabu ni hii, ya kuwa mara nyingi hukatika pasipo mchezaji kuguswa na mtu. Ameruka akatua vibaya, au amekita mguu chini na kugeuka ghafula. Mara husikia mlio ndani ya goti, naye huanguka. Baada ya saa chache goti huvimba.

Ukano uliokatika kabisa mara nyingi hauungani vema wenyewe. Kwa hiyo mchezaji atakaye kurudi katika michezo ya kukimbia na kugeuka huenda akapasuliwa. Daktari huchukua kipande cha ukano mwingine wa mtu yule yule, kwa mfano katika kano za nyuma ya paja, hutoboa matundu katika mfupa wa paja na katika muundi, akaupitisha humo na kuufunga. Basi ukano mpya umewekwa mahali pa ule wa zamani.

Lakini angalieni sana. Ukano huo si kama kamba mpya inunuliwayo dukani, ambayo ina nguvu tangu siku ya kwanza. Mwanzoni hauna mishipa yake ya damu, na katika miezi ya kwanza hudhoofika kabla ya kupata nguvu. Maumivu huondoka mapema; nguvu huja nyuma. Kati ya siku ile maumivu yanapokwisha na siku ile nguvu zinapotimia, ndipo penye hatari. Mchezaji hujiona mzima, na watu humwona mzima, kumbe bado.

Hapo ndipo tunapoona ya kuwa si goti tu lililoumia. Na moyo pia umeumia, nao huweza kumdanganya mtu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni hofu. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mchezaji hukumbuka mlio ule na kuanguka kule. Akitaka kuruka, mwili hujizuia. Hutua kwa mguu mkavu, asikunje goti kama ipasavyo, au huutupa uzito wote juu ya mguu mzima. Mtu achezaye hivi hajilindi kama adhaniavyo. Goti lisilokunjika vema hupata kishindo kikubwa wakati wa kutua, na mguu wa pili hubebeshwa mzigo usio wake. Tena si ajabu mchezaji aliyepasuliwa goti moja kuumia baadaye goti la pili.

Hofu hii si jambo la watu wachache. Mwaka 2014 wataalamu walikusanya habari za watu zaidi ya 7,000 waliopasuliwa ukano huu. Waliona kwamba katika kila watu 100, 81 walirudi kucheza mchezo wa namna fulani. 65 walirudi katika kiasi kile kile walichocheza zamani. Na 55 tu walirudi katika mashindano. Wengi wa wale wasiorudi hawakuzuiwa na goti peke yake. Wengine miguu yao ilikuwa na nguvu za kutosha, ila moyo haukukubali.

Njia ya pili ni pupa. Huyu haogopi neno lo lote. Hesabu ya miezi humchosha, rafiki zake wanacheza, na fainali imekaribia. Husema, "Siumwi, basi nimepona." Watu humsifu kwa ushujaa. Lakini ushujaa hauwezi kuuongezea ukano nguvu hata kidogo. Vijana ndio walio katika hatari zaidi, maana hurudi upesi katika michezo ya kugeuka-geuka. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika wachezaji 100 wenye umri chini ya miaka 25 waliorudi michezoni, karibu 23 waliumia tena, ama goti lile lile, ama la pili.

Sasa tutazame habari za wachezaji wawili wenye sifa duniani.

Ronaldo, mtu wa Brazil, alikuwa akichezea timu ya Internazionale ya Milan katika Italia. Mwezi wa Novemba mwaka 1999 aliumia ukano ulio chini ya pia ya goti lake la kulia, akapasuliwa huko Paris. Ukano huu si ule tuliouelezea kwanza, lakini nao pia hutaka subira. Tarehe 12 Aprili 2000, kabla miezi mitano haijatimia, aliingizwa uwanjani Roma katika fainali dhidi ya Lazio. Watu walifurahi mno kumwona. Alicheza dakika chache tu. Alipokuwa akiuchezesha mpira mbele ya mlinzi, goti likamwacha, akaanguka akipiga kelele, wala hakuna aliyemgusa. Ukano ulikuwa umekatika kabisa. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba angalingoja zaidi asingaliumia. Lakini kila aliyeona alijifunza ya kuwa goti halina habari na fainali.

Ronaldo alipasuliwa tena. Hakurudi katika mashindano mpaka mwaka 2001. Safari hii alianza tena kidogo kidogo, na mara kwa mara alikatizwa na maumivu mengine. Mwaka 2002 alicheza Kombe la Dunia huko Korea na Japani, akafunga magoli 8, na katika fainali yeye ndiye aliyefunga magoli yote mawili yaliyoishinda Ujerumani.

Wa pili ni Virgil van Dijk, mlinzi wa Liverpool na nahodha wa timu ya Uholanzi. Tarehe 17 Oktoba 2020 aliumizwa goti katika mchezo dhidi ya Everton, akapasuliwa ukano ule wa mbele. Mwaka uliofuata mwezi wa Juni yalikuwapo mashindano ya mataifa ya Ulaya. Uholanzi walimtaka sana nahodha wao, naye alitamani kwenda. Lakini mwezi wa Mei alitangaza kwamba hatakwenda, ili apate kupona sawasawa. Uholanzi wakatolewa mapema, naye hakuwapo. Fikirini jinsi neno hilo lilivyokuwa gumu! Mwisho wa Julai alicheza dakika chache katika mchezo wa kirafiki, na tarehe 14 Agosti 2021 akarudi katika ligi, miezi kumi karibu kutimia. Mwaka 2022 aliiongoza nchi yake katika Kombe la Dunia huko Qatar. Mwenda pole hajikwai.

Basi, mchezaji atajuaje kama yu tayari? Hapimwi kwa maneno ya rafiki zake, wala kwa hamu yake mwenyewe. Hupimwa kwa mambo matatu.

Kwanza, muda. Wataalamu wa Norway na Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba kila mwezi mmoja wa kungoja, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Pili, nguvu. Mchezaji huruka kwa mguu mmoja, kisha kwa mguu wa pili, na kila mruko hupimwa. Desturi ya wengi ni kwamba mguu uliopasuliwa ufikie angalau sehemu 90 katika 100 za mguu mzima. Kama mguu mzima umeruka sentimita 150, mguu ule yaupasa kuruka sentimita 135 au zaidi.

Tatu, moyo. Mwaka 2008 wataalamu wa Australia walitunga maswali 12 ya kumwuliza mchezaji: Je, waogopa kuumia tena? Waliamini goti lako? Waweza kucheza pasipo kulifikiri goti? Mwenye hofu haambiwi aondoke, wala hachekwi. Huanzishwa na jambo dogo: kuruka juu ya mstari, kisha juu ya kamba, kisha kugeuka polepole, kisha kugeuka akiwa na mpira, ndipo kucheza na wenziwe. Kila hatua ipitayo salama humfundisha moyo ya kuwa goti linaaminika. Naye mwenye pupa hupita hatua zizo hizo, wala haruhusiwi kuruka hata moja.

Nanyi wanafunzi mna kazi yenu katika jambo hili. Mwenzenu akiketi kando ya uwanja kwa amri ya daktari, msimwite mwoga. Neno hilo moja laweza kumsukuma uwanjani kabla ya wakati wake, na likamgharimu mwaka mzima, au mchezo wote. Mpeni kazi: ahesabu magoli, awafundishe wadogo, achukue bendera ya mstari. Anayekataa kucheza leo ili acheze miaka mingi, naye ni shujaa.

MASWALI

1. Ukano wa mbele wa ndani ya goti una kazi gani?
2. Kwa nini ni hatari mchezaji kujiona mzima mara maumivu yanapokwisha?
3. Elezeni jinsi hofu inavyoweza kumfanya mchezaji aumie.
4. Mguu mzima umeruka sentimita 120. Mguu uliopasuliwa yaupasa kuruka sentimita ngapi angalau?
5. Van Dijk alikosa nini kwa kungoja, naye alipata nini?
6. Andikeni barua fupi kwa rafiki aliyepasuliwa goti, ambaye wenziwe wanamhimiza acheze fainali ya mwezi ujao.