MTUNGI UKIWA MTUPU, NANI ATAUJAZA?
(Mafunzo ya Budha kuhusu huruma na kufanya kazi pamoja)

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, na hakuna asiyeweza kuieleza. Lakini hebu ingia darasani kwetu saa saba mchana. Utakuta mtungi wa maji ya kunywa uko pale kona, mtupu, na sisi tunatazamana tu. "Kwani zamu ni ya nani?" "Si yangu, mimi nilileta juzi." "Muulize kiranja." Basi hivyo hivyo tunabishana, na kiu inatushika sote mpaka saa kumi.

Muhula uliopita nilikuwa nikisoma kuhusu dini za bara la Asia, nikakutana na kisa cha mtungi kama huu wetu, ila chenyewe ni cha zamani sana. Kisa hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Sikusudii kumbadilisha mtu dini. Mimi mwenyewe ni Mkristo na nitabaki Mkristo. Hata hivyo, elimu ni bahari, na jambo jema halina mwenyewe.

BUDHA ALIKUWA NANI?

Budha si jina la kuzaliwa. Maana yake ni "aliyeamka". Mtu huyu aliitwa Siddhartha Gautama, naye alizaliwa Lumbini, mahali ambapo leo ni katika nchi ya Nepal, karne nyingi kabla ya kuzaliwa kwa Yesu. Alilelewa katika ukoo wa watawala, akakosa shida yoyote. Alipotambua kwamba kila binadamu huzeeka, huugua na hufa, aliacha raha zake akatoka kwenda kutafuta chanzo cha mateso na njia ya kuyamaliza. Wafuasi wake husema kuwa aliipata akiwa ameketi chini ya mti huko Bodh Gaya, India. Baada ya hapo alizunguka akifundisha watu kwa miaka mingi.

Dini yake ilienea Sri Lanka, Burma, Thailand, China, Japani na kwingineko. Hata hapa Afrika Mashariki imefika: mjini Dar es Salaam kuna hekalu la Wabudha ambalo chanzo chake ni Wasinhala waliotoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20.

HALI NNE ZA MOYO

Wabudha hufundishwa kukuza hali nne moyoni. Majina yake ni ya lugha ya Kipali, ambayo vitabu vyao vya kale viliandikwa.

Ya kwanza ni metta, yaani kumtakia kila mtu heri, hata yule usiyempenda. Ya pili ni karuna, ndiyo huruma: kutaka mwenzako aondokewe na mateso. Ya tatu ni mudita, kufurahia mafanikio ya mwenzako kama kwamba ni yako. Ya nne ni upekkha, utulivu wa moyo usiopeperushwa na sifa wala lawama.

Hapo kwenye huruma tusimame kidogo. Sisi tukimwona mtu mwenye shida husema "pole." Ni neno zuri, tena la adabu. Ila mara nyingi tukishasema pole tunajiona tumemaliza kazi, tunaenda zetu. Huruma anayoifundisha Budha haiishii mdomoni. Sikiliza kisa hiki.

Siku moja Budha alikuwa akikagua makao ya watawa wake, pamoja na mwanafunzi wake Ananda. Wakamkuta mtawa mmoja anaugua ugonjwa wa kuhara, amelala katika uchafu wake mwenyewe, hana wa kumsaidia. Budha akamwuliza kwa nini wenzake hawamtunzi. Mgonjwa akajibu kuwa yeye hajawahi kuwafanyia wenzake lolote, ndiyo maana wamemwacha. Budha hakutoa hotuba. Alimtuma Ananda alete maji. Budha akamwaga maji, Ananda akamwosha mgonjwa, kisha wakambeba wawili, mmoja kichwani na mwingine miguuni, wakamlaza kitandani. Kazi ilipokwisha ndipo alipowaita watawa wote. Aliwaambia kuwa hapo walipo hawana mama wala baba wa kuwauguza, na wasipotunzana wao kwa wao, nani atawatunza? Akaongeza kuwa anayetaka kumhudumia yeye Budha, na amhudumie mgonjwa.

Wakristo wenzangu na ndugu zetu Waislamu bila shaka mmekumbuka mafundisho yanayofanana na hayo kuhusu kumtembelea mgonjwa. Mimi pia niliyakumbuka.

WATAWA WATATU NA MTUNGI WAO

Sasa nakuja kwenye mtungi wangu. Walikuwako watawa watatu, Anuruddha, Nandiya na Kimbila, waliokaa pamoja msituni. Budha alipowatembelea aliwauliza kama wanaishi bila ugomvi, wakichanganyika kama maziwa na maji. Wakajibu ndiyo. Akauliza: kwa vipi?

Walimweleza mambo ya kawaida kabisa. Yule anayetangulia kurudi kutoka kijijini kuomba chakula, ndiye anayetandika mahali pa kuketi na kuweka maji ya kunywa na ya kunawa. Anayerudi mwisho ndiye anayeondoa vyombo na kufagia. Na yeyote anayeona mtungi unapungukiwa na maji, awe ni wa maji ya kunywa, wa kunawa au wa chooni, yeye ndiye huujaza. Ukiwa mzito, humwita mwenzake kwa ishara ya mkono tu, wakaubeba pamoja bila kelele. Tena kila mmoja alijiambia moyoni kuwa ataweka kando anachotaka yeye, afanye wanachotaka wenzake.

Angalia vizuri, msomaji. Watawa hawa hawakuulizana zamu ni ya nani. Sheria yao ilikuwa fupi: aliyeona ndiye mwenye zamu. Sisemi kwamba ratiba ya zamu ni mbaya, kwa maana bila ratiba wavivu wangejificha. Ila ratiba humwambia mtu lini afanye kazi, haiwezi kumfunza kuona kiu ya mwenzake.

MWALIMU NA WANAFUNZI WAKE HUKO SRI LANKA

Pengine utasema, "Hayo ni ya watawa wa msituni. Sisi tuna hesabu na mitihani." Basi nikupe mfano wa wanafunzi kama wewe.

Mwaka wa 1958, mwalimu kijana aitwaye A. T. Ariyaratne alikuwa akifundisha katika shule ya Nalanda College, mjini Colombo. Aliwachukua wanafunzi na walimu wenzake wakaenda kupiga kambi katika kijiji cha Kanatoluwa. Wakazi wake walikuwa watu wa tabaka lililodharauliwa kabisa nchini humo, hata watu wa tabaka nyingine walikataa kula nao. Wanafunzi hao wa mjini waliishi na wanakijiji na kufanya kazi za mikono pamoja nao. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la Sarvodaya Shramadana. Sarvodaya ni kuamka kwa wote, na shramadana ni kutoa nguvu zako kama zawadi. Baadaye kazi hiyo ilienea katika maelfu ya vijiji: barabara, visima, vyoo, shule za watoto wadogo. Ariyaratne alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka wa 1969, akafariki mwaka wa 2024 akiwa na umri wa miaka 92.

Kambi zao zilifuata mambo manne ambayo Budha alifundisha kuwa ndiyo huwaunganisha watu:

1. Kutoa. Mwenye chakula alitoa chakula, mwenye jembe jembe, asiye na kitu alitoa jasho lake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

2. Maneno mazuri. Kambini watu waliitana mama, baba, kaka na dada, hata kama ni wageni. Hili sisi Waswahili na Waafrika kwa jumla tunalijua, ila darasani tunaitana majina ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti hili.

3. Kufanya lenye manufaa kwa wengine, si la kujionyesha.

4. Usawa. Mwalimu, mwanafunzi na mwanakijiji walishika jembe pamoja, wakala pamoja.

Wakenya tunalo neno letu, Harambee, ambalo Mzee Kenyatta alilifanya wito wa taifa mwaka wa 1963. Shule nyingi nchini zilijengwa kwa Harambee, wengine wakibeba mawe na wengine maji. Siku hizi ukitaja Harambee watu wengi hufikiria kadi ya mchango na mgeni wa heshima. Pesa ni nzuri, sikatai, lakini aliyetoa pesa anaweza kwenda zake bila kumjua jirani yake. Waliobeba mawe pamoja walijuana.

Nisiwadanganye kwamba kila Mbudha ni mwema. Sri Lanka hiyo hiyo, ambayo wengi wa wakazi wake ni Wabudha, ilikumbwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka wa 1983 hadi 2009. Kuwa na mafundisho mazuri ni jambo moja, na kuyafuata ni jambo jingine. Ni kama sisi na methali ya kidole na chawa.

YALIYONIPATA MIMI

Sasa nikiri kosa langu. Mwenzetu mmoja alikosa masomo kwa wiki tatu, kwa sababu alikuwa akimwuguza mama yake nyumbani. Aliporudi aliniomba daftari la Bayolojia anakili. Nilimwambia, "Pole sana, nitakuletea kesho." Kesho ikawa keshokutwa. Ukweli ni kuwa sikutaka kumpa. Yeye ndiye aliyekuwa akinipita katika somo hilo, nami nilijiambia: kwani yeye amewahi kunisaidia nini?

Nilipokisoma kile kisa cha mtawa mgonjwa, nilikutana na maneno yangu mwenyewe. Wale watawa walimwacha mwenzao kwa sababu ile ile niliyoitumia mimi. Nilifunga kitabu, nikaona aibu ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama.

Kesho yake nilimpelekea daftari. Niliwaambia na wenzangu wawili, tukagawana masomo: mmoja akamsaidia katika Historia, mwingine Hisabati, mimi Bayolojia. Tulibaki baada ya michezo kwa siku saba. Nilipokuwa nikimweleza mzunguko wa damu niligundua kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijauelewa vizuri.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulipofika, alinipita kwa alama nne. Nasema kweli, iliniuma. Hapo ndipo nilipojua kuwa huruma si ngumu kama mudita. Ni rahisi kumsaidia mtu akiwa chini, kazi ni kufurahi akisimama na kukupita. Bado najifunza.

Na mtungi je? Juzi niliukuta mtupu, haikuwa zamu yangu. Nikauchukua. Ulipojaa ulikuwa mzito, nikampungia mkono rafiki yangu aliyekuwa nje, tukaubeba wawili. Hakuna aliyetushukuru, lakini watu walikunywa. Jifya moja haliinjiki chungu, ndugu msomaji. Ukiuona mtupu, usiulize. Beba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani kati ya kusema "pole" na kuwa na huruma kama ilivyoelezwa katika makala haya?
2. Taja mambo manne yanayowaunganisha watu, na utoe mfano wa kila moja kutoka shuleni kwetu.
3. "Aliyeona ndiye mwenye zamu." Jadili kauli hii. Je, ina ubaya wowote?
4. Ni mwenzako yupi ambaye ungeona vigumu kufurahia akikupita? (Jibu hili usimwonyeshe mwalimu.)