Mpaka na Ng'ombe katika Nchi ya Tarime

Ajue msomaji ya kuwa Wakurya ni watu wa asili moja, na nchi yao ilikuwa moja kabla ya kukatwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi waliagana kugawana bara. Mstari wao ukaanza penye mlango wa mto Umba, ukapita kaskazini ya Kilimanjaro, kisha ukanyoshwa sawasawa hata ziwa la Viktoria. Walioupiga hawakuwajua Wakira wala Wanyabasi. Basi koo hizo zikawa nusu Tarime, nusu Kenya.

Kuteka ng'ombe kulikuwako tangu zamani, kwani Mkurya asiye na ng'ombe haoi. (Mahari yao humfikia baba wa binti, naye humwozea mwanawe kwa ng'ombe hao hao.) Lakini ng'ombe aliyetekwa kwa Wamasai au kwa ukoo mwingine alikaa zizini, akazaa, akatolewa mahari. Ulipowekwa mpaka, na soko la nyama likakua upande wa Kenya, alivushwa usiku akauzwa kwa fedha, na amri ya askari wa upande huu haikuvuka naye. Hapo ushujaa ukageuka biashara, na aliyeibiwa huenda akawa jirani. Kisha vijana wengi wa Kikurya walipigana vita vya Uganda, 1978 hata 1979. Baada yake bunduki zikashika mahali pa mishale, na wajane wakazidi.

Na mchana mstari huo huo huvukwa hapo Sirari na watu waendao sokoni, arusini na matangani kwa ndugu zao.