Kulegea na Kuyumba kwa Mhimili wa Kerezo Kuukuu

Katika karakana ya chuo tulichofundisha palikuwa na mashine kuukuu ya kukereza vyuma, ambayo mhimili wake ulizunguka katika bushi za shaba. Siku moja kipande cha chuma kilionekana kuyumba. Mwanachuo mmoja akashika spana akakaza bushi. Baada ya dakika chache kichwa cha mashine kilikuwa hakigusiki kwa joto, na kipande kiliyumba kama awali. Kosa lilikuwa letu walimu: tulifundisha kukaza kabla ya kufundisha kuchunguza.

Tangu hapo twaanza na baiskeli, na njia hii yafaa hata darasa la tano. Baiskeli hupinduliwa, gurudumu likazungushwa huku chaki imeshikwa kando ya rimu. Chaki ikigusa sehemu moja tu, rimu imepinda. Kisha gurudumu husimamishwa na kusukumwa kushoto na kulia. Likichezacheza, koni za ekseli zimelegea. Mtoto huona mwenyewe kwamba hayo ni maradhi mawili, na kwamba kukaza koni hakunyooshi rimu.

Ndipo twahamia kwenye kerezo, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu. Badala ya chaki twatumia saa ya kupimia, ambayo kila alama yake ni sehemu ya mia ya milimita. Ncha yake huegemezwa kwenye mhimili wenyewe, wala si kwenye kipande kilichobanwa, maana kibanio nacho kina makosa yake. Mhimili huzungushwa polepole kwa mkono. Mshale ukisogea alama 4, huko ndiko kuyumba; lakini kitovu kimehama alama 2 tu, kwani mshale huhesabu pande zote mbili. Hapa wengi hutatizika. Mwalimu achore ubaoni, asipite upesi.

Baadaye mhimili husimamishwa, ukainuliwa kwa gongo la mbao, kwa nguvu ya kiasi. Mshale ukipanda, huo ndio ulegevu. Ulegevu mdogo katika bushi si ugonjwa, kwani mafuta yahitaji nafasi.

Iwapo mhimili ni mzima na kipande bado chayumba, kilegezwe, kigeuzwe nusu mzunguko ndani ya kibanio, kikazwe na kupimwa tena. Sehemu iliyoinuka ikihama pamoja na kipande, kipande ndicho kilichopinda. Ikibaki penye taya ileile, kosa ni la kibanio.

Kabla ya kila kipimo mwanachuo aandike anachotarajia kuona. Hadi hapo spana ibaki kabatini, na ufunguo mfukoni mwa mwalimu.