Usaili wa Arua na kazi uliyoificha

*Shangazi, mimi ni wa Koboko. Nina diploma ya elektroniki, na wiki ijayo nimeitwa usaili Arua, kwenye kampuni inayotunza minara ya simu. Nimekariri maana za maneno yote ya daftari la chuo, lakini nikiamka usiku kichwa ni kitupu. Kazi niliyowahi kufanya ni kibarua tu: miaka miwili ya kumimina dizeli kwenye jenereta za minara upande wa Oraba na kuandika saa za kufanya kazi kwake. Naiona aibu, sikuitaja kwenye maombi. Nijiandaeje?*
*Kijana wa Koboko*

Mwanangu, ulichokificha ndicho ningekitanguliza. Eneo lenu la West Nile liliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, likitegemea kituo cha umeme cha Nyagak cha megawati 3.5 na mitambo ya dizeli. Umeme ulipokatika, simu za watu ziliponea kwenye jenereta kama zile ulizokuwa unazimiminia mafuta. Najua ulifika mahali ukaitambua jenereta inayotaka kugoma kwa mlio wake tu. Hilo halimo katika daftari lako.

Swali moja linakusubiri, karibu nina hakika: mnara umezimika usiku, unaanzia wapi? Usikimbilie antena. Uliza kwanza kama umezimika peke yake au na jirani zake. Ikiwa ni minara yote ya njia moja, shaka iende kwenye kiungo cha mawasiliano kinachoilisha. Ikiwa ni mmoja, fuata umeme: mafuta yapo? Jenereta imewaka? Rektifaya inayochaji betri inatoa umeme? Betri za volti 48 zimeshuka hadi wapi? Zikikaribia 43, vifaa hukatwa ili betri zisife. Yaseme hayo kwa sauti, kwa Kiingereza maana ndicho watakachokuulizia, ukimsimulia dada yako mpaka aelewe.

Faiba ya serikali nayo imefika Koboko, kwa hiyo jua hesabu yake. Mwanga wa nanomita 1550 hupoteza takriban desibeli 0.2 kila kilomita. Arua hadi kwenu ni kama kilomita 55, basi ni desibeli 11 hivi kabla ya kuhesabu maungio ya faiba. Na kila desibeli 3 zikipotea, nguvu imebaki nusu. Fanya hesabu hiyo kwa barabara unayoijua, haitakutoka.

Wakikuuliza kama utapanda mnara huku radi inapiga kwa sababu bosi ameamuru, sema hapana, bila kumung'unya maneno. Bila mkanda wa usalama, hapana vilevile. Mama yako anakuhitaji mzima.

Usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungepima nini ili ujue.

Leo hii mpigie aliyekupa kibarua kile, umwombe barua ya miaka yako miwili. Andika maombi upya, beba nakala tatu, na kama una ndugu Arua, ukalale kwake usiku wa kuamkia usaili.