Damu ya Kaka, Watoto ni Wako

Wadogo zangu wa Ifakara, Mlimba na Mang'ula, leo tuongee sikoseli. Bonde letu la mpunga na mbu linaijua: mwenye jeni moja tu ya ugonjwa huu huhimili malaria kali kuliko wengine, ndiyo maana imedumu kwetu vizazi na vizazi.

Mmoja wenu kaniuliza. Mchumba wake alikuwa na sikoseli, akapandikizwa uloto India, na aliyemtolea ni kaka yake. Sasa mawifi wanasema: "Damu ile si yake. Ukizaa, watoto ni wa shemeji, na DNA itasema."

Mdogo wangu, nusu yake ni kweli. Uloto ndio kiwanda cha damu. Ukiwa wa kaka, damu itatoka na DNA ya kaka. Hata kundi la damu huweza kubadilika. Angetolewa na dada, damu yake ingesomeka ya mwanamke! Mate ya shavuni nayo huchanganya, kwa kuwa yana chembe nyeupe za damu. Lakini mbegu za uzazi hazitoki kwenye uloto. Watoto ni wake, na mzizi wa unywele bado ni wake.

Shida iko maabara. Akipimwa damu tu, majibu yanaweza kumfanya baba mdogo wa mwanawe mwenyewe. Alaska, mwaka 2004, kumbukumbu za DNA zilimtaja mtu aliyekuwa gerezani siku ya uhalifu uliokuwa ukichunguzwa. Kumbe aliwahi kupandikizwa uloto wa ndugu yake. Kwa hiyo, kipimo cha DNA kikifika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali (na huko hamjiendei tu, ombi hupitia mahakamani, ustawi wa jamii au wengine wanaotajwa na sheria ya DNA ya 2009), aseme mapema na awe na barua ya hospitali. Maswali haya yatazidi: tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza watoto wenye sikoseli.

Mliowahi kuongezewa damu pale Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, msihangaike. Chembe zile hufa zikaisha.

Ambalo mawifi hawakulisema ni hili: kupona kwake hakukufuta urithi. Damu yake haiugui tena, ila kila mtoto atapokea kwake jeni moja ya sikoseli. Ukiwa nayo na wewe, kila mimba ni nusu kwa nusu mtoto kuzaliwa mgonjwa. Waache waseme, wewe kapime kabla ya ndoa.