Mtoto mwenye usonji: Darasa linalofunza na darasa linalolinda tu

Wazazi wa watoto wenye usonji wanaofika katika zahanati yangu huanza kwa kuuliza dawa. Wakishaelewa kwamba hakuna dawa ya kuuondoa usonji, huja na swali la pili ambalo ni zito zaidi: "Daktari, mtoto huyu nitampeleka shule gani?" Baadhi yao wamebisha hodi katika shule tatu au nne na kurudishwa kwa maneno matamu. Wengine wamepata nafasi katika kitengo maalum, lakini mwaka umekwisha na hawaoni tofauti yoyote.

Wiki hii tutaangalia jinsi watoto hawa wanavyofunzwa katika darasa maalum la shule ya msingi. Nia yetu ni kumwezesha mzazi kutofautisha darasa linalofunza na lile linalomlinda mtoto tu hadi saa ya kurudi nyumbani. Miaka ya kwanza ya shule ni ya thamani kubwa, na ikipotea hivi hivi ni vigumu kuifidia.

Usonji ni nini?

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mtoto akiwa mdogo sana. Huathiri mawasiliano, uhusiano na watu, na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga na kuguswa. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaosema sana lakini hurudia tu maneno waliyoyasikia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi Baltimore, Marekani, alieleza hali hii mwaka wa 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Aliona kwamba watoto hao walitaka mambo yabaki vilevile kila siku, na badiliko dogo liliwafadhaisha. Mwalimu mzuri hadi leo huanzia hapo.

Usonji hauletwi na uchawi, laana wala malezi mabaya. Hauletwi na chanjo pia. Makala ya mwaka wa 1998 yaliyozua hofu kuhusu chanjo ya surua yalifutwa mwaka wa 2010 na jarida la Lancet, ambalo ndilo lililoyachapisha.

Kabla ya kwenda shule

Mpeleke mtoto kwa daktari kwanza. Masikio yapimwe, kwa sababu mtoto asiyesikia anaweza kudhaniwa ana usonji, na mtoto mwenye usonji anaweza pia kuwa na shida ya kusikia. Mweleze daktari iwapo mtoto huanguka, hutetemeka au hukodoa macho kwa muda bila kuitika. Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya watoto wengine, na kifafa kina dawa.

Chumba chenyewe

Wengi wa watoto hawa huelewa zaidi kile wanachokiona kuliko kile wanachoambiwa. Neno likishatamkwa limepotea, lakini picha hubaki. Kwa msingi huo, mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walibuni mpango wa TEACCH ambao ulianza rasmi mwaka wa 1972 na umeigwa katika nchi nyingi.

Katika darasa la namna hii, kila pembe ina kazi yake. Kuna meza ambapo mwalimu hukaa na mtoto mmoja. Kuna meza ya kazi ya peke yake, imeelekezwa ukutani, mbali na dirisha. Kuna mkeka wa michezo, na pembe tulivu ya kupumzikia kelele zikimzidi mtoto. Kuta hazijazwi mapambo, kwa kuwa mengi ya kutazama huvuruga akili. Mtoto akikaa mahali fulani, mahali penyewe panamwambia kinachotarajiwa.

Siku inayoonekana

Kando ya mlango au mezani huwa kuna ratiba ya picha: kufika, kazi, uji, kucheza nje, kunawa, nyumbani. Kila shughuli ikiisha, mtoto hutoa picha yake na kuitia ndani ya kikapu. Asiyeelewa picha hupewa vitu halisi: kikombe maana yake ni uji, na mpira maana yake ni kwenda uwanjani. Hakuna haja ya vifaa vya bei ghali.

Kazi ya mezani nayo hupangwa ili ijibu maswali manne bila mwalimu kusema neno: Nifanye kazi gani? Ni kiasi gani? Nitajuaje nimemaliza? Baada ya hapo kuna nini? Vikapu vitatu vikiwa upande wa kushoto, mtoto anajua kazi ni tatu. Vikishahamia kulia, amemaliza na anakwenda kucheza. Mtoto aliyekuwa akipiga mayowe kila shughuli inapobadilika mara nyingi hutulia akiweza kuona kinachofuata.

Maneno machache, hatua ndogo

Mwalimu anayejua kazi yake hasemi, "Haya basi, hebu wacha kuchezacheza uje hapa tuanze kazi yetu." Husema, "Juma, keti," kisha hungoja. Mtoto asiyesema hufunzwa kuomba kwa picha: anampa mtu picha ya maji, naye anapewa maji pale pale. Njia hii, iitwayo PECS, ilibuniwa Marekani mwaka wa 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Wazazi wengi huhofia kwamba picha zitamfanya mtoto mvivu wa kusema. Utafiti hauonyeshi hivyo, na wapo watoto ambao huanza kutamka maneno baada ya kuzoea kuomba kwa picha.

Ujuzi wa maisha hugawanywa katika hatua. Kunawa mikono, kwa mfano, kuna hatua saba: kufungua mfereji, kulowesha mikono, kuchukua sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga mfereji na kujifuta. Mwalimu anaweza kumshika mtoto mikono katika hatua sita za kwanza na kumwachia ile ya mwisho. Akiiweza, anaachiwa mbili. Hivyo mtoto humaliza kazi kila siku akiwa amefaulu, na anasifiwa.

Akipiga kelele au kujiuma

Kiboko hakifunzi chochote hapa, na tena sheria ya elimu ya mwaka wa 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Mwalimu huandika: ni nini kilichotangulia, mtoto alifanya nini, na alipata nini baadaye? Baada ya siku chache sababu huanza kuonekana. Huenda ni kengele inayomuumiza masikio, kazi iliyomshinda, au kiu asiyoweza kuitaja.

Hapa nasisitiza kama daktari: mtoto aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafla, tafuta maumivu. Jino bovu, sikio lenye usaha na kufunga choo ni mambo ya kawaida kwa watoto, lakini mtoto asiyesema hana njia ya kukueleza ila kujigonga kichwa.

Mzazi aulize nini?

Omba kukaa darasani asubuhi moja, halafu angalia na uulize haya:

1. Je, ratiba ya mtoto inaonekana, na inatumiwa kweli au imebandikwa tu ukutani?

2. Watoto ni wangapi kwa kila mtu mzima? Mwalimu mmoja mwenye watoto 15, hata akiwa hodari, atalinda tu.

3. Mtoto wangu atafunzwa nini muhula huu? Jibu liwe wazi, kwa mfano "kuvaa shati bila kusaidiwa", wala lisiwe "tutamzoesha".

4. Asiyesema huombaje maji au choo?

5. Lango hufungwa? Watoto wengi wenye usonji hutoroka bila kuona hatari ya magari au maji.

6. Atakutana na watoto wengine wa shule wakati wa michezo na chakula? Darasa maalum lisiwe jela ndani ya shule.

Ukishapata darasa, usiache kazi yote mikononi mwa mwalimu. Picha zinazotumika shuleni zitumike na nyumbani, na yaya au nyanya anayebaki na mtoto afundishwe pia. Ujuzi wa shuleni pekee mara nyingi hubaki shuleni.

Pa kuanzia

Katika kaunti kuna vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum ya elimu, vinavyojulikana kwa herufi EARC. Nairobi kuna Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani tangu miaka ya 1980. Miongoni mwa shule za umma zenye kitengo cha usonji ni City Primary iliyoko Ngara, Nairobi, ambayo kitengo chake kilianzishwa mwaka wa 2003. Mtaala wa umilisi nao una njia ya wanafunzi wasiofuata masomo ya kawaida. Hawa hupanda ngazi hadi mafunzo ya ufundi badala ya kuhesabiwa madarasa.

Mzazi, usingoje mtoto aanze kusema ndipo umtafutie shule. Mpeleke akatathminiwe sasa, kwa maana kuwasiliana ni mojawapo ya mambo atakayofunzwa huko.