Dondoo muhimu: Babu alishikwa mateka vitani?

Ukisikia nyumbani kwamba babu "alirudi kutoka Tabora", usipite haraka; huenda alikuwa mateka. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimisha jeshi lake Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Askari wake walishushwa hadi Kasanga, enzi hizo Bismarckburg, wakavushwa Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, kisha kwa treni hadi kambi ya mateka ya Tabora. Mafua makali ya mwaka ule yaliwaua baadhi yao.

Anza na wazee. Uliza majina yote: la kuzaliwa, la ubatizo, la jeshini. Karani aliandika alivyosikia, kwa hiyo jaribu kila tahajia. Uliza pia kama alikuwa askari au mpagazi; wapagazi wengi hawakuandikwa popote, na hilo linauma.

Fungua sanduku la zamani, utafute cheti au medali.

Kwa paroko wa parokia kongwe, kama Kate au Kirando mkoani Rukwa, omba kwa adabu daftari la ubatizo na ndoa. Majalada ya Wajerumani yako Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam.

Kama alitekwa katika Vita Kuu ya Pili, iandikie Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Geneva, ukitaja kikosi, mwaka na jina la baba yake.